Hedhi ya kidonge haijengi mfupa

Binti akikonda na hedhi ikakatika miezi mingi, kuna ushauri ambao mama hupewa haraka: mtafutie vidonge vya kupanga uzazi, damu itarudi. Damu itarudi kweli. Mfupa ndio hautapona.

Jambo hili limechunguzwa miaka mingi Boston, Marekani, kwa wasichana wenye anoreksia nevosa. Huo ni ugonjwa wa akili: chakula kipo mezani, lakini msichana anaogopa kunenepa hata akiwa amebaki ngozi na mifupa. Mwili ukikosa chakula, ubongo huzima homoni za uzazi. Mojawapo, estrojeni, ndiyo mlinzi wa mifupa, tena ujana ndio wakati mfupa unapojiwekea akiba.

Vidonge vilijaribiwa, vikashindwa. Estrojeni ya kidonge hupitia kwanza kwenye ini, na huko hupunguza homoni nyingine inayojenga mfupa, ambayo njaa ilikuwa tayari imeishusha. Mwaka 2011 Madhusmita Misra, Anne Klibanski na wenzao walitoa matokeo ya miezi 18 kwa wasichana 110 wagonjwa. Baadhi ya wale ambao mifupa yao ilikaribia kukomaa walibandikwa plasta ya estrojeni kwenye ngozi, wakipewa pia projesteroni kwa vipindi. Mifupa ya uti wa mgongo na nyonga iliongezeka uimara, lakini haikuwafikia wenzao wenye afya. Hata huko, dawa ya kwanza imebaki kurudisha uzito.

Msichana wa kambini hana anoreksia. Yeye anataka kula, vita ndiyo imemnyima, na kumwita mgonjwa wa akili ni kumtukana. Lakini mwili hauulizi nani kauondolea sahani. Katika njaa ya Uholanzi ya 1944 hadi 1945, wanawake wengi walikatikiwa hedhi vilevile.

Kwa hiyo, baada ya kuhakikisha hana mimba, apimwe uzito na aulizwe jana alikula nini. (Anayetumia vidonge ili asishike mimba asiviache: hedhi kukatika si kinga.) Tatizo ni kwamba mizani ya lishe mara nyingi huwangoja watoto chini ya miaka 5, wajawazito na wanaonyonyesha. Msichana wa miaka 16 hupita hapo akiwa amembeba mdogo wake, mtoto anapimwa, yeye anaambiwa asogee.