Binti Anapotaka Kwenda Jukwaani

Mwezi huu tumeona tuzungumze jambo ambalo nyumba nyingi hulikwepa. Binti amemaliza kidato cha nne. Wazazi wamekwisha kumpangia ualimu au uuguzi, na fedha kidogo iliyopatikana kwenye kahawa imewekwa kwa ajili hiyo. Kumbe mwenyewe ana lake moyoni. Jioni moja, huku akiosha vyombo, analitoa: "Mama, mimi nataka kwenda Bagamoyo kusomea sanaa za maonyesho."

Jambo hili tulilikuta Mbamba Bay, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, nyumbani kwa mama mmoja aliyetukaribisha ugali wa muhogo na dagaa. Binti yake alikuwa ameigiza shuleni katika tamthilia ya Kilio Chetu, ile ya vijana na UKIMWI ambayo wanafunzi wa sekondari wameisoma kwa miaka mingi, na tangu siku hiyo akili yake haikutulia tena. Mama alitugeukia sisi wageni kana kwamba tulikuwa baraza la kata.

"Hebu mwambieni huyu," alisema. "Mimi nimecheza kioda tangu sijaolewa. Nimecheza nina mimba, nimecheza nina mtoto mgongoni. Sijalipwa hata senti moja. Sare nilinunua mwenyewe kwa fedha ya dagaa. Leo ananiambia kucheza ni kazi?"

Tulicheka sote, hata binti. Lakini usiku tulipolala tukaona kwamba mama yule alikuwa ameuliza swali ambalo wenye sanaa nchini wamekuwa wakiulizana kwa zaidi ya miaka 60.

Kwa wasomaji wa mbali, kioda ni ngoma ya wanawake wa mwambao huu, na wenzetu wa upande wa Malawi wanayo pia, wanaiita chioda. Wanaume wana mganda. Kiangazi, mavuno yakishaingia, vijiji hualikana kushindana, huku ziwani na kule juu kwa Wamatengo wa Mbinga. Mganda ulitokana na Beni, ngoma iliyoiga gwaride la askari wa kikoloni, na ukaenea baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Ziwa hili liliiona vita hiyo mapema kuliko mahali pengi: Agosti 1914 meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ilishambuliwa na Waingereza ikiwa Liuli, ambako wakati huo kuliitwa Sphinxhafen. Vita ilipokwisha, watu waliokuwa wameswagwa kama wapagazi wakalichukua lile gwaride wakalifanya lao. Tarumbeta wakaitengeneza kwa kibuyu. Wakapeana vyeo: kingi, kapteni, daktari, nesi. Mtu aliyebebeshwa mzigo wa mwenzake jana, leo ni kapteni mwenye soksi nyeupe, anakagua mstari wake. Kama huko si kuigiza, basi sisi hatujui kuigiza ni nini.

Malipo yake? Kijiji mwenyeji huwalisha wageni, na anayeshinda hupata sifa mpaka mwaka unaofuata. Wanaopika chakula hicho ni walewale waliotoka kucheza kioda. Hilo nalo tuliseme, maana halisemwi sana.

Sasa mwambao huuhuu ulimtoa mtu mmoja ambaye jina lake halitenganishwi na kazi ya jukwaa Tanzania. Kapteni John Komba alizaliwa Lituhi mwaka 1954. Alikuwa mwalimu, kisha mwanajeshi, na ukapteni wake ulikuwa wa Jeshi la Wananchi, si wa mganda! Mwaka 1992, mwaka ule vyama vingi viliporudi, Chama cha Mapinduzi kilianzisha kikundi cha Tanzania One Theatre, ambacho watu wote walikiita TOT, na Komba akakiongoza. Mwalimu Nyerere alipofariki Oktoba 1999, ni nyimbo za kikundi hicho zilizolia redioni nchi nzima. Tangu 2005 Komba alikuwa pia mbunge wa Mbinga Magharibi. Alifariki Februari 2015 akazikwa kwao Lituhi, karibu na maji aliyokulia.

Kabla ya TOT serikali yenyewe iliwahi kuajiri wasanii. Baada ya uhuru kiliundwa kikundi cha ngoma cha taifa, kikafuatwa na cha sarakasi na cha maigizo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vilikuwa vimevunjwa, na mwaka 1981 kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Nafasi ya vikundi vya taifa mijini ilishikwa na vile vya biashara: Muungano chini ya Norbert Chenga, DDC Kibisa, Mandela, na baadaye TOT. Onyesho moja lilikuwa na kila kitu. Ngoma, sarakasi, kwaya, taarabu, na igizo ambalo halikuwa limeandikwa popote. Waigizaji walipewa kisa, wakafanya mazoezi siku chache, maneno wakayatafuta wenyewe. Wanaokumbuka miaka ile watakumbuka pia ushindani wa mipasho, Khadija Kopa akiwa TOT na Nasma Khamis Kidogo akiwa Muungano. Wengi wa waliojaza viti walikuwa wanawake wenzetu, waliomaliza kazi za nyumbani mapema ili wawahi.

Lakini waliokuwa jukwaani waliitwaje? Hapa ndipo hofu ya mama wa Mbamba Bay inapotoka. Maonyesho mengi yalifanyika kwenye baa na kumbi za pombe, yakaisha usiku wa manane. Mwigizaji wa kike aliyecheza kahaba Jumamosi aliitwa kahaba sokoni Jumatatu. Mwenzake wa kiume aliyecheza mlevi alinunuliwa soda.

Tunaye ndugu yetu mmoja, binti wa upande wa Mbinga, aliyeingia kikundi kimoja cha Dar es Salaam, hatutakitaja. Alikuwa na sauti, na alikuwa na mwili mwepesi kama unyoya. Hakupewa karatasi yoyote. Malipo yalikuwa mgao wa kiingilio, na mgao ulitegemea mwenye daftari ameamkaje. Alipopata ujauzito aliambiwa apumzike, na aliporudi nafasi yake ilikuwa imejazwa. Akarejea nyumbani na mtoto na mkoba mmoja wa nguo. Watu walisema, "Si tulimwambia sanaa ni uhuni?" Sisi tulisema hivyohivyo. Ilituchukua miaka kuona kwamba uhuni uliofanyika pale haukuwa wake. Mtu alifanya kazi, watu walilipa mlangoni, na fedha haikumfikia. Angekuwa anachuma kahawa ya mtu tungeliita jambo hilo dhuluma, na tungekwenda kumdai.

Kuna upande mwingine wa jukwaa ambao akina mama wengi hawakuelezwa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefundisha sanaa za maonyesho tangu miaka ya 1960, na miongoni mwa waliolijenga somo hilo ni wanawake wawili, Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba, wote maprofesa. Mama Mlama aliandika Hatia mwaka 1972, na miaka 10 baadaye Nguzo Mama, ambamo wanawake wa kijiji kimoja wanahangaika kusimamisha nguzo. Mama Lihamba aliandika Hawala ya Fedha, na aliigiza na kuongoza pia. Katika miaka ya 1980 wao na wenzao walichukua maigizo wakayapeleka vijijini, Malya mkoani Mwanza na Msoga huko Bagamoyo, wanakijiji wakaigiza matatizo yao wenyewe na kuyajadili palepale. Mwaka 1996 wakaanzisha Tuseme, mpango wa wasichana wa sekondari. Msichana ambaye hawezi kumwambia mwalimu mkuu kwamba anasumbuliwa na mwanaume fulani, anaweza kuliigiza mbele ya shule nzima, na wote wakaelewa bila kutajiwa jina. Mpango huo ulivuka mipaka ukaenda nchi nyingine za Afrika. Sasa nani atasema wanawake hawa ni wahuni?

Mama wa Mbamba Bay alitusikiliza mpaka hapo, kisha akauliza lile la maana: "Sawa, hao ni maprofesa. Wangu huyu akimaliza atakula wapi?"

Tulimjibu kwa ukweli kadiri tunavyoujua. Chuo cha Bagamoyo kimekuwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, TaSUBa, tangu 2007, na kinatoa astashahada na stashahada. Ukumbi wake uliungua mwaka 2002, ukajengwa upya kwa msaada wa wafadhili, na tamasha lake lililoanza 1982 bado huwaleta wasanii wa ndani na nje. Huko mambo yako hai. Lakini zile kumbi za Dar es Salaam zilizojaa kila mwisho wa wiki hazipo tena kwa namna ile. Televisheni iliwachukua watu kuanzia mwisho wa miaka ya 1990. Kikundi cha Kaole kikahamia kwenye michezo ya runinga, na huko ndiko alikotokea Steven Kanumba, ambaye kifo chake Aprili 2012 kiliwaliza hata bibi zetu. Baada ya runinga zikaja filamu za kanda, kisha simu ya mkononi. Leo wengi waliosomea jukwaa wanaishi kwa kuchanganya: filamu kidogo, tangazo la redio, kuchekesha kwenye sherehe, igizo la mradi wa afya linalolipwa kwa siku. Mradi ukiisha, na malipo yameisha.

Majirani zetu Kenya wamepata njia moja tunayoitamani. Kila tamthilia inayowekwa kwenye mtihani wa sekondari, kwa mfano Kigogo ya Pauline Kea na baadaye Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, vikundi huibeba na kuizungusha shule kwa shule, wanafunzi wakachangia kiingilio. Huo ni mshahara wa miezi kadhaa. Mbinga na Nyasa zina shule za sekondari nyingi, na siku hizi kuna lami kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, kilometa 66, njia ambayo zamani wakati wa masika mtu alisafiri huku akitubu dhambi zake. Kikundi cha vijana sita wenye vyombo vyao kingeweza kufanya hivyo hapa. Hatujakiona. Tukikiona tutawaandikia.

Basi tulimshauri mama asianze na neno la aibu, aanze na maswali ambayo angeuliza kama binti angekuwa anakwenda kufanya kazi ya duka. Kuna karatasi ya makubaliano, na imeandikwa kiasi gani? Onyesho likiisha saa sita usiku, nani anawarudisha wasichana na wanalala wapi? Akijifungua, anarudi kwenye nafasi yake? Tukamwambia binti naye asitamani kusimama mbele tu. Jukwaa lina kushona mavazi, kupodoa, taa, sauti, kuandika, kuhesabu fedha, na mara nyingi mwenye ujuzi wa nyuma ya pazia hulipwa hata mwezi ambao nyota hana kazi. Tena mitaala mipya iliyoanza kutumika 2024 imeweka mkondo wa amali, sanaa ikiwemo, na shule zitahitaji walimu wa kuifundisha.

"Nikikosa jukwaa nitafundisha," binti alidakia.

"Nyamaza, wakubwa wanaongea," mama alisema, ila hakusema kwa ukali.

Hatukutoka na uamuzi. Baba wa binti alikuwa ziwani, na pale nyumbani jambo la fedha ya kahawa ya shamba la juu halikatwi bila yeye wala bila shangazi aliyeko Mbinga, ambaye ndiye anayelitunza shamba lenyewe. Shangazi huyo, tuliambiwa, hapendi hata kwaya yenye gitaa.

Asubuhi tulipokwenda kuaga hatukumkuta mama nyumbani. Alikuwa kwa mshonaji, ananyosha mikono kupimwa sare mpya ya kioda. Kikundi chao kilikuwa kimealikwa kutumbuiza kwenye sherehe moja mjini Mbinga. Alitueleza, huku akijitahidi asicheke, kwamba usiku uleule baada ya sisi kulala alimpigia simu mwenye sherehe, akamwuliza akina mama 20 watalipwa shilingi ngapi, mbali na nauli na chakula.

"Akasemaje?" tuliuliza.

"Alinyamaza muda mrefu. Nikadhani salio limekwisha. Halafu akasema atanipigia."

Tulipopanda gari alikuwa bado hajapigiwa.