Tununue Kompyuta Pamoja na Haki ya Kuitengeneza

Napendekeza zabuni za kompyuta za shule Kasulu na Kibondo ziulize jambo moja zaidi: je, kiendeshi cha michoro, yaani programu inayoiwezesha skrini kuonyesha picha, ni huria?

Viendeshi huria vya Intel na AMD vimo ndani ya Linux. Kwa kuwa sehemu kubwa ina leseni ya MIT, FreeBSD na OpenBSD nazo zimevichukua. Nvidia ilifungua sehemu ya msimbo wake Mei 2022, lakini kwa kadi za kizazi cha Turing cha 2018 na kuendelea. Kompyuta ya mtumba yenye kadi ya zamani zaidi hubaki ikitegemea Nouveau, mradi uliojengwa bila msaada wa kampuni hiyo kwa miaka mingi.

Kampuni ikikitelekeza kiendeshi kilichofungwa, hakuna fundi wa Kasulu awezaye kukirekebisha. Serikali inayonunua kifaa isichoruhusiwa kukitengeneza haijanunua, imepanga.