FUNDI WA NYUMBANI: Kinanda kisiungue tena

 

Leo tuongee juu ya kinanda cha kwaya yetu. Mnakumbuka ile Jumapili: jua kali, sola inachaji, kijana mmoja akaunganisha kinanda moja kwa moja kwenye betri ya gari. Wimbo haukufika ubeti wa pili, tukasikia harufu. Michango ya mwaka mzima ikaisha hapo hapo. Kijana tulimlaumu mpaka akaacha mazoezi. Mimi pia nilimlaumu, na mimi ndiye mwalimu wake.

Sasa tujifunze sote. Kinanda kile kilitumia betri sita za tochi. Kila moja ni volti 1.5, kwa hiyo 6 x 1.5 = 9. Betri ya gari tunaiita ya 12, lakini ikijaa inafika 12.7 hivi, na sola ikichaji inapanda hadi 14 na zaidi. Kinanda hakiwezi mzigo huo.

Dawa yake ni kidude cheusi chenye miguu mitatu, kimeandikwa 7809. Muulize fundi redio, anakijua. Kinapokea umeme unaopanda na kushuka, kinatoa volti 9 tu. Fanyeni hivi:

1. Kishike maandishi yakikutazama, miguu chini. Mguu wa kushoto unapokea chanya ya betri, wa kati ni hasi, wa kulia unatoa 9.

2. Weka fyuzi ya ampea 1 kwenye waya wa chanya, karibu na betri.

3. Chomelea kapasita mbili karibu kabisa na miguu: mikrofaradi 0.33 kati ya kushoto na kati, na 0.1 kati ya kulia na kati.

4. Volti zinazozidi zinageuka joto. Kikaze kwa skrubu kwenye kipande cha sufuria kuukuu ya alumini. Bati la mgongoni limeungana na hasi, basi alumini isiguse waya wa chanya.

5. Soma maandishi ya kinanda. Kikitaka zaidi ya ampea 1, kidude hiki hakitoshi. Tazama na mchoro wa tundu: vingine hasi iko katikati, vingine chanya.

6. Pima kwa mita kwanza, ndipo uchomeke.

Betri ikishuka karibu na 11, simamisha. Kidude hakitaweza kushika 9, na betri yenyewe itaharibika.

Wiki iliyopita nilimwita yule kijana. Alichomelea mwenyewe, mita ikasoma 9. Nikamwomba radhi mbele ya wenzake. Kinanda cha kuazima tulichopata, Jumapili hii anakipiga yeye.

Wazazi, mtoto akiharibu kitu, tujiulize kwanza: nani alimfundisha?

Tuonane toleo lijalo, Mungu akipenda.

Mwalimu wenu wa kujitolea