Mwembe wa Chicago ulikatwa ukiwa na maembe

Mie wiki hii sikulala vizuri, na wala si mbu wala umeme. Ni kikao.

Jumapili iliyopita timu yetu ya kikapu ya mtaani ilikaa chini ya mti pembeni ya uwanja. Ajenda ilikuwa moja tu: kusuka upya kikosi. Katibu wetu, kijana wa miaka 26 mwenye daftari na kalamu za rangi tatu, akasimama na kutangaza kwamba wachezaji wote waliovuka miaka 35 wapumzishwe kwa mpigo mmoja, na vijana wa sekondari wachukue jezi. Yaani wale wale waliotwaa kombe mwaka jana bila kufungwa hata mchezo mmoja!

Mie nina miaka 47. Sisemi kwamba nafunga sana siku hizi. Naingia dakika tano za mwisho kutuliza presha. Lakini jezi ni jezi, bwana.

Nilipoanza kufoka, katibu akanigeukia kwa upole. “Braza, usichukie. Hata Chicago Bulls walivunja timu ya kina Jordan wakaanza upya.”

Jamani! Chupa ya maji ilinidondoka. Katika mifano yote ya dunia hii, dogo kachagua huo!

Sikumlaumu sana, maana mambo yale yalipotokea yeye alikuwa hajazaliwa. Mie mwaka 1998 nilikuwa na miaka 20, na hapa Dar ukikaa kituo cha daladala nusu saa hukosi kuona kofia yenye kichwa cha fahali mwekundu. Mie mwenyewe nilikuwa na fulana namba 23, imeshonwa sijui wapi, jina la Jordan limekosewa herufi. Niliivaa hivyo hivyo mpaka kanisani.

Basi kwa faida ya katibu wangu, na wewe uliyezaliwa juzi, ngoja niwasimulie.

Juni 14, 1998, mjini Salt Lake City, Bulls walicheza mchezo wa sita wa fainali na Utah Jazz. Scottie Pippen mgongo unamuuma, anatembea kama mzee aliyetoka kulima. Michael Jordan akafunga pointi 45 peke yake, na ule mtupo wake wa mwisho ukaingia zikiwa zimebaki sekunde 5.2. Matokeo 87 kwa 86. Ubingwa wa sita katika miaka minane: 1991, 1992, 1993, kisha 1996, 1997 na 1998. Fainali sita, ushindi sita.

Mwembe umejaa maembe, matawi yanagusa ardhi. Wenye shamba wakafanyaje? Wakaleta shoka!

Tena shoka lilikuwa limenolewa mapema. Meneja mkuu Jerry Krause alishatangaza kabla ya msimu kuanza kwamba huo ndio mwisho wa kocha Phil Jackson. Kwa maelezo ya Jackson mwenyewe, aliambiwa hata akishinda mechi zote 82 ataondoka tu. Na Jordan naye alikuwa ameshasema hatacheza chini ya kocha mwingine. Hapo unahitaji mganga wa kukutabiria?

Baada ya hapo ukaja mvutano wa mishahara kati ya wachezaji na wenye timu, ligi nzima ikafungwa mpaka Januari 1999. Jordan akatangaza kustaafu Januari 13. Mlango ulipofunguliwa, mji ulihamwa. Pippen akapelekwa Houston. Steve Kerr akaenda San Antonio. Luc Longley akaenda Phoenix. Dennis Rodman akaachwa aende zake. Kiti cha Jackson akakikalia Tim Floyd, kocha wa chuo kikuu cha Iowa State, ambaye alikuwa hajawahi kufundisha NBA.

Sasa shika moyo. Msimu ule mfupi wa 1999 walishinda 13 na kufungwa 37. Aprili mwaka huo, mbele ya Miami, mabingwa wa juzi walifunga pointi 49 mchezo mzima. Arobaini na tisa! Jordan alikuwa akikaribia hizo peke yake. Msimu uliofuata walishinda 17 kati ya 82, na uliofuata tena 15. Walirudi kwenye mtoano mwaka 2005. Ubingwa wa saba hawajauona mpaka leo ninapoandika.

Fundi cherehani wa mtaani kwetu, ambaye ni mjumbe wa kamati na mtu wa haki, alinikatiza hapo. “Ndugu yangu, mtazame na yule meneja. Ile timu ilikuwa ya wazee. Fedha za kuwalipa zingetoka wapi?”

Nami nakiri, fundi ana hoja, na safu hii haiogopi hoja. Jordan alikuwa na miaka 35, Rodman 37, Ron Harper 34. Msimu ule wa 1997-98 Jordan peke yake alilipwa zaidi ya dola milioni 33. Pippen alikuwa kwenye mkataba wa kizamani uliompa chini ya milioni 3, na sasa alitaka chake. Alipofika Houston alipata mkataba wa zaidi ya milioni 60. Mwenye timu, Jerry Reinsdorf, alikuja kueleza katika filamu ya The Last Dance ya mwaka 2020 kwamba kuwarudisha wote kwa bei zao kungekuwa ni kujimaliza. Isitoshe, mwanzoni mwa 1999 Jordan alijikata kidole kwa kile kikatio cha sigara kubwa. Kwa hiyo sitasema kwamba ubingwa wa saba ulikuwa mfukoni. Huenda wangefungwa.

Na Krause hakuwa mjinga. Ndiye aliyempata Pippen mwaka 1987 kutoka chuo kidogo ambacho wengi hawakukijua, ndiye aliyempandisha Jackson kuwa kocha mkuu mwaka 1989, ndiye aliyemleta Rodman mwaka 1995. Mwembe ule yeye ni mmoja wa waliopanda. Januari 2024 Bulls walipowaenzi watu wa historia yao, jina lake lilipotajwa washabiki walizomea, na mjane wake akalia pale pale mbele ya umati. Hapo hata mie niliyemlaani miaka nenda rudi nilisema hapana, hii siyo. Marehemu hazomewi kwa hesabu iliyokataa.

Lakini hesabu ilikataa, na ni vizuri tujue ilikataa wapi.

Kwanza, waliivunja timu ambayo haijafungwa. Bingwa anavuliwa taji uwanjani, siyo ofisini. Kina Jordan wangerudi, wakafungwa na vijana wa San Antonio au Indiana, basi shughuli imekwisha. Kila mtu angepiga makofi, wazee wangeenda kupumzika, na Krause angeanza kazi yake bila laana. Badala yake akaacha swali ambalo halina jibu, na swali la namna hiyo haliozi. Ndiyo maana mimi na fundi tunagombana leo, mimi baba wa watoto watatu, kwa jambo la mwaka 1998.

Pili, na hili ndilo linaloniuma zaidi, walipanda miche halafu wakaing'oa kila mara kuangalia kama imeota mizizi. Mwaka 1999 walipata chaguo la kwanza kwenye drafti, wakamchukua Elton Brand. Kijana akafanya kazi kweli kweli: pointi 20 na ribaundi 10 kwa mchezo akiwa mgeni wa ligi, na akawa mmoja wa wachezaji bora wapya wawili wa mwaka 2000. Si ndiyo yale yale waliyoyataka? Mwaka 2001 wakampeleka Clippers ili wampate Tyson Chandler, mtoto wa sekondari. Na mwaka 2002 wakamwachia Ron Artest aende Indiana, ambako mwaka 2004 alitajwa mlinzi bora wa ligi. Chandler naye alikuja kuiva, lakini wapi? Ubingwa aliupatia Dallas mwaka 2011, akiwa ameshaondoka Chicago miaka mitano nyuma. Yaani miche mizuri waliipata, ila matunda wakala majirani.

Na drafti yenyewe, ndugu msomaji, ni bahati nasibu. Sisi Watanzania hatuhitaji kufundishwa hilo. Mwaka 2009 kijana wetu Hasheem Thabeet alichukuliwa na Memphis akiwa chaguo la pili la ligi nzima, Mtanzania wa kwanza kufika NBA, na hapa nyumbani tulifurahi sana. Wa tatu alikuwa James Harden. Wa saba alikuwa Stephen Curry. Wataalamu wanaolipwa kwa kazi hiyo tu walikaa na takwimu zao na video zao, na bado ikawa hivyo. Simsemi vibaya kijana wetu, njia aliyofungua ni kubwa. Nasema kwamba anayekata mwembe wenye maembe kwa kutegemea mbegu iliyo kwenye bahasha, ajue anacheza kamari.

Katibu akainua mkono. “Sasa braza, wazee wacheze mpaka wafe?”

Hapana, dogo. Watazame San Antonio, wale wale waliomchukua Kerr. Walikuwa na David Robinson, nguzo ya nyumba. Mwaka 1997, baada ya msimu mbovu ambao Robinson aliumia, bahati ikawapa Tim Duncan. Hawakumfukuza mzee ili mtoto apate nafasi. Walipanda mche pembeni ya mwembe. Wakachukua ubingwa pamoja mwaka 1999, huku Chicago wakihesabu vipigo, na wakachukua tena mwaka 2003, Robinson akaaga na taji mkononi. Duncan naye alipozeeka akawa kivuli cha Kawhi Leonard, wakachukua mwaka 2014. Walibahatika, sikatai, lakini bahati iliwakuta na mtu wa kumpokea mgeni.

Hapo chini ya mti pakawa kimya. Fundi akakohoa. Katibu akafunga daftari, akafikiri, kisha akanipa jibu ambalo sikulitegemea kutoka kwa mtu wa kalamu tatu.

“Sawa braza. Umesema bingwa avuliwe taji uwanjani. Basi Jumapili ijayo ninyi wazee mcheze na hao vijana wa sekondari. Mkishinda, tunawapanda pembeni yenu. Mkifungwa, mnavua jezi pale pale.”

Kamati ikapiga makofi. Hata fundi alipiga, msaliti mkubwa! Nami ningekataaje, na maneno yametoka mdomoni mwangu?

Kwa hiyo tangu Jumatatu nakimbia asubuhi, mama watoto ananicheka dirishani, na goti la kushoto linatoa sauti kama bawaba ya mlango. Lakini nina amani ambayo Jordan na wenzake hawakupewa: jibu nitalipata uwanjani.

Wiki ijayo panapo majaaliwa tukutane hapa hapa. Ukiona nimeandika habari za kilimo cha bustani, basi ujue jezi imevuliwa.