Daftari la wiki: Kuta za reli

Reli inayopita mtaa wa Kibera, Nairobi, iling'olewa mwaka 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi mkuu wa Kenya. Vijana waliokuwa na hasira walifungua vyuma na kuvitupa kando, na treni za kwenda Kisumu na Uganda zikakwama. Uchaguzi wa Machi 2013 ulipokaribia, wachoraji wa grafiti wa Nairobi, miongoni mwao Swift9, Bankslave na Uhuru B, walipata ruhusa ya kampuni iliyoendesha reli wakati huo wakachora treni ya abiria ya kwenda Kibera. Mabehewa yakapulizwa rangi ubavuni, nyuso na maneno ya amani. Sijui kazi ya sanaa ya umma katika jiji hili iliyowekwa mahali pake vizuri kuliko hiyo. Njia ni ileile iliyong'olewa, na wasomaji wa ujumbe ni walewale waliokuwa wakiishi kandokando yake.

Na haikuanzia hapo. Ghasia zikiwa bado mbichi, Solomon Muyundo, mkazi wa Kibera anayejulikana zaidi kama Solo7, alipita mitaani na rangi yake akiandika wito wa amani kwenye kuta, milango na mabati. Hakungoja mfadhili wala hati ya mradi. Namheshimu sana mtu huyu.

* * *

Nimeangalia tena picha za kazi ya msanii Mfaransa JR, aliyefika Kibera mwaka 2009. Alipiga picha za wanawake wa pale, akazikuza, kisha zikatandazwa juu ya mapaa, jumla ya mita 2,000 za mraba. Kilichonivuta ni treni. Macho ya wanawake hao yalibandikwa kwenye mabehewa, na nusu ya chini ya nyuso, pua na midomo, ikabandikwa kwenye mabati yaliyowekwa kwenye mteremko chini ya reli. Treni ilipopita, kwa nukta moja macho yalikutana na midomo na uso ukakamilika. Halafu treni ikaenda zake.

Lakini sifa kubwa naipa kazi ya juu ya mapaa. Picha hizo zilichapishwa kwenye plastiki isiyopitisha maji, kwa hiyo mvua ziliponyesha, aliyepigwa picha alipata pia paa lisilovuja. Msanii mgeni akiuliza watu wa mtaa wanahitaji nini, hilo ndilo jibu linaloonekana.

* * *

Stesheni yoyote inayotaka michoro kama hii kwenye kuta zake ijue kwamba rangi ina masharti yake. Plasta mpya iachwe ikauke, kwa kawaida wiki nne hivi, maana chokaa na saruji mbichi huila rangi. Bati jipya linalong'aa halishiki rangi mpaka lisuguliwe na kupakwa rangi ya msingi. Nyekundu na njano huwahi kupauka juani. Na ukuta wa pwani una adui wake: chumvi hupanda na unyevu kutoka chini, ikatoka kama unga mweupe na kubandua mchoro wote, hata uwe mzuri namna gani. Fundi anayeyajua haya alipwe kwanza, kabla ya kulipa hema na viti vya siku ya uzinduzi.

* * *

Wengi wa wachoraji wa grafiti wa Nairobi hawakupitia chuo cha sanaa. Walijifunzia kwenye matatu, na matatu nazo zilivuliwa michoro mwaka 2004, sheria za John Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, zilipoleta mstari mmoja wa njano kwa gari zote. Sanaa ilirudi barabarani kwa sababu abiria waliitaka.

Darasa lao jingine limekuwa ndani ya uwanja wa reli wenyewe. Katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa 1971, Patrick Mukabi, yule mchoraji wa akina mama wa sokoni wenye miili ya kujaza turubai, aliweka studio yake ya Dust Depo na kuwafungulia vijana mlango. Kundi la grafiti la BSQ nalo limefanya kazi humo humo, jirani na injini za zamani. Mgeni anayelipa kiingilio kuona vyuma vya Mwingereza apitie na kwa hawa walio hai.

* * *

Stesheni zetu mpya zimetengenezwa zitazamwe kutoka mbali. Ya Mombasa, kule Miritini, imebuniwa kwa mfano wa mawimbi ya maji; ya Dar es Salaam imepewa umbo la tanzanaiti. Ni majengo ya fahari. Ila abiria aliyeketi na mzigo wake akingoja muda wa kuingia haoni umbo la paa. Anaona ukuta ulio mbele yake.

Ombi langu kwa wanaosimamia stesheni, kubwa na ndogo, ni hili. Kila stesheni itengewe ukuta mmoja, wapewe wachoraji wa eneo hilo hilo, wakae kwanza na wanaouza chai na mahindi pale mlangoni ndipo wachore. Walipwe kwa mkataba, na mkataba utaje fedha za kurudia rangi kila baada ya miaka michache. Mchoro usiotengewa fedha za matunzo utapauka, na ukishapauka utabandikwa matangazo juu yake.