Nani Alilipia Miaka Minane ya Simbu?

Septemba 15, 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu na Mjerumani Amanal Petros waliingia uwanjani wakiwa wametimka karibu kilomita 42, na bado wakawa wanakimbizana hadi utepe. Saa iliwaandikia muda mmoja: saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Ikabidi picha iamue. Tofauti ilikuwa sekunde 0.03, na Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza katika Mashindano ya Dunia ya Riadha.

Shangwe zilistahili, pongezi zilistahili. Baada ya hapo kuna swali ambalo mlipa kodi ana haki ya kuliuliza. Simbu alikwisha kupata shaba ya dunia London mwaka 2017. Kati ya shaba ile na dhahabu hii imepita miaka minane ya kuamka alfajiri, kuumia, kupona na kuanza upya. Mkimbiaji wa marathoni hushindana mara chache sana kwa mwaka. Siku zilizobaki anakula kwa fedha ya nani? Zawadi za mbio za nje zipo, ila zinamfuata aliyekwisha kufika. Kwa upande wa fedha ya umma, jibu ni moja: Simbu ni askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), na mwisho wa mwezi mshahara unaingia awe ameshinda au ameshindwa.

Si yeye wa kwanza. Filbert Bayi alikuwa mwanajeshi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1500 pale Christchurch mwaka 1974. Juma Ikangaa, mshindi wa New York Marathon mwaka 1989, naye alivaa magwanda. Suleiman Nyambui, aliyeleta medali ya fedha ya mita 5000 kutoka Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, alilelewa kwa ufadhili wa chuo kikuu cha Texas kilichoko El Paso. Yake na ile ya Bayi ya mbio za kuruka viunzi na maji, hukohuko Moscow, ndizo medali mbili pekee za Olimpiki ambazo nchi hii imewahi kupata. Tukizichambua safari hizo tunakuta jambo moja: kila mmoja alikuwa na mtu au taasisi iliyomgharamia wakati hajawa mtu.

Hapo ndipo sera yetu ya michezo inapokosea hesabu. Serikali inalipa vizuri siku ya matokeo, na inajenga vizuri palipo na jiwe la msingi. Kipindi cha katikati, yaani ile miaka sita au minane ambayo kijana ana kipaji lakini hana jina, hakina fungu.

Haikuwa hivi siku zote. Enzi za mashirika ya umma, kijana mwenye miguu mizuri aliweza kuajiriwa bandarini, kwenye reli au kwenye bima, akafanya kazi na kucheza. Wapenzi wa soka wa umri wangu wanaikumbuka Reli ya Morogoro, “Kiboko ya Vigogo”, iliyowatoa jasho Simba na Yanga. Wanawake wa netiboli nao walikuwa na ajira kwa njia hiyohiyo. Ubinafsishaji wa miaka ya 1990 ulipoyapunguza na kuyafunga mashirika hayo, timu zikaenda nayo. Sidhani kama kuna aliyekaa ofisini akaamua kuua michezo. Uamuzi ulihusu hasara na madeni, michezo ikafa kimyakimya. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya shule nayo yakasimamishwa kwa hoja kwamba yanavuruga masomo. Mashindano hayo, UMITASHUMTA ya shule za msingi na UMISSETA ya sekondari, yamerudi, lakini kizazi kizima kilikuwa kimeshapita. Ngazi ikawa imeng'olewa vidato viwili kwa mpigo: shule na ajira. Kilichosalia kimesimama ni majeshi, na ndiyo maana medali bado zinatokea huko. JKT Queens, timu ya soka ya Jeshi la Kujenga Taifa, waliofika Ligi ya Mabingwa Afrika kwa wanawake mwaka 2023, ni ushahidi mwingine.

Sasa tuangalie fedha inakokwenda. Tangu Februari 2023 tumekuwa na “Goli la Mama”, ahadi ya Rais iliyoanza kwa shilingi milioni 5 kwa kila bao la Simba au Yanga katika mashindano ya Afrika. Tusiibeze. Yanga walifika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka huohuo, Simba wakafika mwaka 2025, na nchi nzima ilitembea kifua mbele. Lakini mfungaji bora wa Kombe la Shirikisho mwaka 2023 alikuwa Fiston Mayele wa Yanga, Mkongomani, tena mchezaji aliyenunuliwa akiwa ameiva. Hakuna kosa lolote kwa Mayele wala kwa Yanga. Ila fedha hiyo ni hamasa, na hamasa haimkuzi mtoto wa kijijini Mbulu wala Ikungi. Isiandikwe kwenye safu ya maendeleo ya michezo.

Upande wa viwanja hoja ya serikali ina nguvu zaidi. Bila Uwanja wa Benjamin Mkapa, uliofunguliwa mwaka 2007 kwa msaada wa China na unaobeba watu 60,000, tusingekuwa waandaaji wa CHAN wala wa AFCON ya 2027 pamoja na Kenya na Uganda. Arusha nako unajengwa wa watu 30,000. Hata hivyo, Mei 2025 Simba walilazimika kucheza mechi yao ya marudiano ya fainali Amaan, Zanzibar, kwa sababu nyasi za Mkapa hazikufaa. Ujenzi una siku ya kukata utepe. Kumwagilia nyasi hakuna. Na ukitoka Dar es Salaam, viwanja vingi vya mikoani vilivyojengwa kwa nguvu na michango ya wananchi enzi za chama kimoja viko mikononi mwa CCM hadi leo, hivyo kila mjadala wa kuvikarabati kwa fedha ya umma unagota kwenye swali la mwenye mali.

Wakenya wametuonyesha pande zote mbili za jambo hili katika mji mmoja. Huko Iten, ukarabati wa uwanja wa Kamariny ulikwama kwa miaka mingi. Shule ya St. Patrick's, hapohapo, ilimpokea mwalimu wa jiografia kutoka Ireland, Bruda Colm O'Connell, mwaka 1976. Chini ya uangalizi wake akatoka Peter Rono, bingwa wa Olimpiki wa mita 1500 mwaka 1988, na baadaye David Rudisha. Mwalimu mmoja aliyekaa mahali pamoja aliishinda kandarasi.

Tunapo pa kuanzia. Katika bajeti ya 2021/22 serikali iliamua asilimia 5 ya kodi ya ubashiri wa michezo iende kwenye Mfuko wa Maendeleo ya Michezo. Fedha hiyo inatoka zaidi kwa vijana wanaobeti mechi za wenzao. Ni haki irudi kwa vijana wanaocheza. Hatari ni kwamba safari na kambi za timu za taifa zina dharura kila mwezi, na dharura hula mfuko wowote usio na uzio.

Napendekeza uzio wa namna hii: nusu ya mfuko itengwe kwa mikataba ya miaka minne ya vijana wenye umri wa miaka 16 hadi 23, posho ya kila mwezi pamoja na bima ya afya, na posho ya mwalimu anayewafundisha. Kuna atakayesema tutazaa ajira za kujuana. Hofu hiyo ni ya kweli, kwa hiyo tuanze na riadha na kuogelea, ambako saa haina ndugu: viwango vitangazwe mapema, asiyevifikia kwa misimu miwili bila kuwa majeruhi aondoke. Michezo ya timu, ambako jicho la mteuzi linaweza kuwa na upendeleo, ifuate baada ya kujifunza.

Wapo pia watakaouliza kwa nini mkimbiaji alipwe wakati zahanati haina dawa. Hapa hakuna anayeomba senti ya zahanati. Fungu lipo, na tayari ni la michezo. Kinachobishaniwa ni siku ya kulitoa, kabla ya ushindi au baada yake.

Waziri wa michezo anaposoma bajeti Dodoma, wabunge hupenda kuuliza kuhusu Taifa Stars na ujenzi wa viwanja. Mwaka ujao aulizwe namba moja tu: ni vijana wangapi wasiojulikana ambao serikali inawalipa mwezi huu ili wafanye mazoezi? Akishindwa kuitaja, basi dhahabu ijayo tutaipokea tena uwanja wa ndege kama wageni waalikwa.