Mfupa Ulioota Msulini: Misimbo ya Magonjwa na Deni la Wanaistilahi

Mjadala wa istilahi za Kiswahili umekuwa kwa muda mrefu mjadala wa shule na vyuo. Tangu TUKI ilipotoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na baadaye Kiongozi cha Uundaji wa Istilahi za Kiswahili cha Tumbo-Masabo na Mwansoko mwaka 1992, tumezoea kuipima istilahi kwa swali moja: je, itafaa darasani? Makala haya yanashikilia kwamba upo uwanja mwingine ambamo istilahi hupimwa kwa ukali zaidi, nao ni daftari la mgonjwa. Tutachukua maradhi yasiyo ya kawaida, yaani kuota kwa mfupa ndani ya msuli, na kuyatazama kutoka Same na Milima ya Upare.

Uainisho wa Kimataifa wa Magonjwa wa Shirika la Afya Duniani hulipa kila gonjwa msimbo wa herufi na tarakimu. Toleo la 10 liliidhinishwa mwaka 1990, na toleo la 11 likaanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022. Katika toleo la 10, maradhi yetu yamo katika M61. M61.0 ni mfupa uliotokana na jeraha, M61.1 ni ule unaoenea mwilini mwaka hata mwaka, M61.2 humpata aliyepooza, M61.3 humpata aliyeungua. Kisha M61.4 na M61.5 hutenga chokaa iliyotuama msulini na mfupa hasa, tofauti ambayo si ya maneno matupu, kwani mfupa una umbile lake la ndani na chokaa haina. M61.9 ni ya yale yasiyobainishwa.

Tuchukulie kijana anayeteremka Chome na mzigo, akateleza, paja likagonga jiwe. Nyumbani anachuliwa. Kuchua ni tendo la huruma, na hatuna nia ya kuwabeza wachuaji. Lakini msuli uliopondeka ukisuguliwa kwa nguvu, hatari ya kuota mfupa huongezeka. Baada ya wiki chache paja lina kitu kigumu. Picha ya eksirei ikipigwa mapema huweza isioneshe lolote, maana mfupa huo kwa kawaida huanza kuonekana baina ya wiki ya tatu na ya sita, nao hukomaa kutoka pembezoni kwenda katikati. Asiyeujua mwendo huo huweza kudhani ni saratani.

Sasa tufuate maneno. Kijana ameieleza hali yake kwa Chasu nyumbani na kwa Kiswahili zahanatini. Tabibu amesikia kwa Kiswahili, ameandika kwa Kiingereza, kisha hesabu ya mwezi imeingizwa katika MTUHA, mfumo wa taarifa ulioenezwa nchini katika miaka ya 1990. Neno lililobeba safari hiyo yote ni moja: uvimbe. Uvimbe ni dalili, si gonjwa. Msimbo wake ni R22. Kwa neno hilohilo huweza kuingia jipu la msuli, ambalo ni M60.0, saratani ya tishu laini, ambayo ni C49, na mfupa wetu. Mgonjwa akipelekwa Moshi, KCMC, karibu kilometa mia moja, hutangulia na karatasi isiyosema kitu. Aliyebaki Same huishia katika fungu la magonjwa mengine, na fungu hilo halimsaidii mpangaji yeyote.

Gharama ya kosa hilo ni kubwa zaidi katika M61.1, fibrodisplasia osifikansi progresiva, inayokadiriwa kumpata mtu mmoja katika kila milioni moja au mbili. Mtoto huzaliwa na vidole gumba vya miguu vilivyopinda au kuwa vifupi. Baadaye kila anguko, kila sindano ya msuli, kila kisu kilichokata kinyama cha kupima, huweza kuamsha mfupa mpya. Jeni inayohusika, ACVR1, ilibainishwa mwaka 2006. Daftari likiandika uvimbe, kila kituo kipya kitakuwa na sababu nzuri ya kukata upya. Hapa jina lililokosekana linamdhuru mtoto moja kwa moja.

Tupendekeze jina gani? Watu husema msuli umegeuka jiwe. Ni usemi wenye nguvu, ila si sahihi, kwa sababu nyuzi za msuli hazigeuki. Ni mfupa unaozaliwa katikati yao. Kukopa kwa mkupuo na kusema miositisi osifikansi kutamfurahisha daktari na kumwacha mgonjwa alipokuwa. Sisi tunaona mfupa kuota msulini ndiyo istilahi inayofaa. Kitenzi kuota kimekwisha kufanya kazi hiyo katika kuota jino na kuota ndevu, nacho hupokea vibainishi bila taabu: wa jeraha, wa kupooza, wa kuungua. Kwa M61.1 tunasema wenye kuenea, na tunapinga wa kurithi. Wagonjwa wengi wa aina hiyo wamezaliwa na wazazi wasio nayo, kwa badiliko jipya la jeni. Neno kurithi likifika kijijini litageuka kuwa kesi ya ukoo, na mshtakiwa atakuwa mama.

Watakuwapo watakaosema kwamba misimbo ni ya watakwimu, na kwamba matabibu wetu husomeshwa kwa Kiingereza. Hoja ya pili ni kweli na ndiyo inayotuhusu: anayesomeshwa kwa Kiingereza humsikiliza mgonjwa kwa Kiswahili, naye hufasiri peke yake, haraka, foleni ikimngoja. Kipindupindu kina A00, surua ina B05, kichocho kina B65, na hakuna anayebabaika, kwa kuwa jina la Kiswahili lilikuwapo kabla ya msimbo. Kinachotakiwa ni faharasa ya Kiswahili ya Uainisho huo, inayoanzia kwenye kauli ya mgonjwa na kuishia kwenye msimbo. Chini ya uvimbe mgumu iwepo aliumia lini, alichuliwa, vidole gumba vikoje tangu kuzaliwa.

Idara zetu zinaweza kuanza na M61, yenye vidahizo saba tu, kwa ushirikiano na BAKITA na matabibu. Rasimu ipelekwe Same kabla ya kuchapwa, isomwe na wauguzi na pia wachuaji, na wasemaji wa Chasu waulizwe wanaitaje hali hiyo wenyewe, maana huenda jina lililo bora kuliko letu limekwishatungwa huko milimani.